Ukumbi wa Kuagia si Chumba Kitupu: Mafunzo Niliyopata

Mimi ni msanifu majengo, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuchora vyumba ambavyo mteja hapendi hata kuvitaja: mochwari, vyumba vya kuoshea maiti, kumbi za kuagia. Nimezichora Pwani na bara, kwa hospitali za serikali na za taasisi za dini. Maelekezo huanza karibu kila mara kwa sentensi ileile: "Tunataka ukumbi wa watu wote, usio na upande." Anayesema hivyo ana picha tayari kichwani mwake: kuta nyeupe, hakuna msalaba, hakuna aya ukutani, viti vimepangwa safu, basi.

Nimekuja kuamini kwamba chumba kilichoondolewa kila kitu hakimfai yeyote. Muislamu atatafuta maji humo asiyaone, Mkristo atatafuta pa kutua jeneza, Mhindu atauliza moto uko wapi, na asiye na dini atajiona amepewa makombo ya ibada za wenzake. Jengo la watu wote hupatikana kwa kuwauliza jamaa wa kila upande: mikono yenu hufanya nini tangu roho ya mtu wenu inapotoka hadi mwili wake unapositiriwa? Kisha kila tendo lipewe mahali pake. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuuliza.

1. Anza na maji

Katika ramani nyingi za hospitali zetu chumba cha kuoshea maiti kimesukumwa nyuma ya majokofu, kikapewa hadhi ya stoo yenye bomba. Mimi hukichora kabla ya ukumbi.

Aliyenifundisha ni mama wa makamo, mwosha wa wanawake anayetegemewa na mitaa mingi ya Tanga. Tulimwita jengo likiwa bado zege tupu, tukampigia kitanda cha mbao cha majaribio. Akakizunguka, akainama, akanyoosha mikono kana kwamba anamgeuza mtu ubavu. "Mwanangu," akaniambia, "hapa nikimgeuza ananiponyoka. Punguza upana." Tukapunguza hadi sentimita 75, ili mwosha wa upande huu na wa upande ule wafikiane mikono juu ya kifua cha maiti. Kimo tukakiweka sentimita 85. Kikiwa chini zaidi mgongo unawauma waoshaji, kikiwa juu zaidi aliye mfupi hawezi kuinua kichwa cha maiti kwa adabu. Uso wa kitanda ukainamishwa kidogo kuelekea miguuni, kingo zikainuliwa maji yasiwarukie watu.

Mpira wa maji wenye kasi aliukataa. Maiti huoshwa kwa upole uleule anaostahili aliye hai, akasema, na maji ya kasi yanampiga. Kwa hiyo pana bomba la manyunyu laini kwa wanaolitaka, na pana kingo pana ya kuwekea ndoo na kata. Maji ya moto na ya baridi hukutana kabla ya kufika bombani, yatoke ya uvuguvugu. Pembeni pana meza kavu, maana sanda hukatwa na kutandikwa kwanza, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, ndipo maiti ahamishiwe juu yake. Juu ya meza kuna rafu ya majani ya mkunazi, karafuu maiti, udi na pamba. Madirisha yako juu ya kichwa cha mtu mrefu, kwa kuwa maiti hafunuliwi hata anapooshwa. Nguo humsitiri muda wote, na jengo nalo limsitiri.

Maji yanayotoka hapo hayaachwi yatiririke kwenye mtaro wa wazi. Nyumbani wazee walichimba shimo chini ya kitanda ili maji hayo yamezwe na ardhi palepale. Hospitalini tunayapeleka kwa bomba lililofunikwa hadi kwenye shimo lake. Mhandisi wa afya anayapenda mabomba hayo kwa sababu zake, na wafiwa kwa zao.

Chumba hicho hakiwi cha Waislamu peke yao. Wakristo wengi hutaka kumvalisha mzee wao wenyewe, suti aliyoipenda, viatu vyake, rozari mkononi. Familia za Kihindu huogesha na kumvisha mtu wao nguo safi. Wayahudi wana uoshaji wao, unaofanywa na kikundi maalumu cha waumini, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Dini ambazo ukumbini haziafikiani, humu kwenye maji zinahitaji kitu kimoja: maji safi, mlango unaofungika, na mtu asiyewaharakisha.

Kitu kingine nilikiongeza baada ya kusoma mambo ya Ebola ya Afrika Magharibi. Uoshaji wa maiti ulikuwa njia mojawapo ya ugonjwa kuenea, na mwanzoni miili ilichukuliwa na timu zilizovaa mavazi ya kujikinga bila familia kuona kinachofanyika. Watu wakaanza kuficha wagonjwa na maiti wao. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na watu wa dini, na ndani yake maiti wa Kiislamu aliweza kutayamamishwa badala ya kuoshwa kwa maji. Ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera mwaka 2023, sisi wenyewe tulikumbushwa kwamba mambo hayo hayako mbali. Tangu hapo kila chumba cha kuoshea ninachochora kina dirisha moja la kioo kizito, lenye pazia upande wa ndani, ili siku ya dharura mtoto wa marehemu asimame nje, aone kwa macho yake kwamba mama yake ametayamamishwa na kuvishwa sanda. Dirisha lenyewe si ghali. Kulipata kwenye bajeti ndiyo kazi.

2. Kaskazini ijulikane bila kuuliza

Mfiwa hapaswi kutoa simu mfukoni kutafuta kibla. Kwa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Nairobi kibla kinasogea mashariki kidogo, na Kigoma kinafika nyuzi kama 20 mashariki ya kaskazini. Huwa ninalaza ukanda mwembamba wa shaba sakafuni kuonyesha mwelekeo huo, pasi na maandishi. Anayeuhitaji anauelewa, asiyeuhitaji anauona kama pambo la sakafu.

Nilipokuwa nikipima mielekeo hiyo niligundua jambo lililonigusa. Muislamu hulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kwa pwani yetu maana yake kaburi linalala mashariki magharibi, kichwa kikiwa mashariki. Mkristo wa mapokeo ya zamani hulazwa chali, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo ainuke akiitazama asubuhi. Kaburi lake nalo linalala mashariki magharibi, kichwa kikiwa upande wa pili. Majirani waliokaa mtaa mmoja wakilala kwenye ardhi hiyohiyo hulala mstari mmoja.

Kwa hiyo meza ya mwili ukumbini huanza ikiwa imekaa mstari huo. Lakini ina magurudumu yenye breki, kwa sababu familia nyingi za Kihindu hupenda kichwa cha maiti kielekee kusini, upande wa Yama, mungu wa mauti, na kwa sababu asiye na dini anaweza kuwa na mke anayetaka tu mumewe aelekezwe kwenye dirisha lenye miti. Meza ya zege isiyosogea ni uamuzi uliofanywa na mjenzi kwa niaba ya watu asiowajua.

3. Milango miwili, na kila mmoja upana wa jeneza na wabebaji wake

Jeneza la kawaida lina upana wa sentimita 60 hadi 70. Wabebaji hutembea pande zote mbili, bega likigusa ubao. Mlango wa sentimita 120, ambao wengi huuchora kwa kudhani ni mpana, unawalazimu kulishusha jeneza, kulipokezana, na kulitikisa mbele ya mjane. Mlango usiwe chini ya mita 1.8, na usiwe na kizingiti.

Wa kuingilia usiwe wa kutokea. Msanifu Sigurd Lewerentz alilitatua jambo hili mwaka 1925 katika Kanisa la Ufufuo kwenye makaburi ya Skogskyrkogården mjini Stockholm, ambayo yeye na Gunnar Asplund walianza kuyachora baada ya kushinda shindano la mwaka 1915. Waombolezaji huingia kwa mlango wa kaskazini, hutoka kwa mlango wa magharibi. Anayetoka hakutani na msiba unaofuata. Wale waliketi wakafikiria uso wa mtu aliyetoka kumuaga baba yake, kwamba usipambane na uso wa mwingine anayesubiri zamu.

Kwetu kuna sababu nyingine, ya uhai kabisa. Kuaga mwili ni foleni: watu hupita mmoja mmoja kando ya jeneza lililo wazi, hugusa kioo, wengine huishiwa nguvu palepale. Foleni ikigongana na wanaorudi, watu huumia. Machi 2021, Dar es Salaam ilipomuaga Rais John Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, watu 45 walipoteza maisha kwenye msongamano. Ukumbi wa hospitali hauwezi kulinganishwa na uwanja, lakini kanuni ni ileile: watu wenye majonzi hawatazami mbele wala hawasikii matangazo, kwa hiyo kuta na milango ndivyo vinavyopaswa kuwaongoza.

4. Kwa wengine, ihsani kubwa ni kutoka haraka

Nilitumia muda mwingi kuuremba ukumbi, kisha nikawauliza masheikh watatu watautumiaje. Wote walinijibu, kila mmoja kwa namna yake, kwamba hawatautumia. Wao hutaka maiti aoshwe, akafiniwe, apelekwe nyumbani au msikitini, aswaliwe, azikwe, ikiwezekana kabla ya alasiri. Walichoomba ni njia fupi kutoka chumba cha kuoshea hadi kwenye gari, isiyopita katikati ya kwaya ya watu wengine, na dirisha la kibali cha mazishi lenye karani usiku na siku za sikukuu.

Ndiyo maana siku hizi ramani yangu ina mlango wa tatu, upande wa chumba cha kuoshea, wenye paa la kuingizia gari kinyumenyume. Kwa nusu ya wateja wa mochwari za Pwani, mlango huo ndio jengo lote.

5. Ishara za dini zipewe kabati lenye heshima

Msalaba wa kupigilia ukutani unamfukuza mmoja; ukuta usio na chochote unamnyima mwingine. Nimeona kumbi zikitatua hili kwa kuutupia msalaba kitambaa, jambo linalomuudhi Mkristo na asiye Mkristo kwa pamoja. Sisi tunaacha shubaka pana ukutani, lenye taa yake, na kila msiba huliwekea kitu chake: msalaba, picha ya marehemu, taa ya mafuta, maua, au haliwekwi kitu.

Shida huja vitu hivyo vinapohifadhiwa. Msahafu hauwekwi sakafuni wala chini ya vitu vingine. Msalaba haulazwi kifudifudi nyuma ya mafagio. Kwa hiyo kabati lina rafu ya juu kabisa ya vitabu vitakatifu, kila kimoja na sehemu yake, na chini yake ndoano na vilalio vyenye kitambaa. Fundi seremala alinishangaa nilipomchorea kabati kwa makini kuliko mimbari. Lakini siku ya kufungua jengo, padri na imamu walilifungua mmoja baada ya mwingine, na hakuna kitu kingine walichokikagua kwa muda mrefu hivyo.

6. Moto nao una ubinadamu wake

Wengi wetu hulizungumzia suala la kuchoma maiti kwa kukunja uso. Kwa Muislamu ni haramu, na halina mjadala. Kanisa Katoliki liliondoa katazo lake mwaka 1963, na mwaka 2016 likakumbusha kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Kwa Mhindu moto ndio maziko yenyewe.

Oktoba 2011 Wakenya waliona jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Profesa Wangari Maathai, aliyesomeshwa na watawa wa Kikatoliki na kushinda Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, aliagwa kwa heshima za kitaifa katika bustani ya Uhuru Park, kisha mwili wake ukateketezwa Kariokor, kwenye eneo la kuchomea maiti la jumuiya ya Kihindu ya Nairobi. Jeneza lake halikuwa la mbao. Lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Jumuiya ndogo iliyojenga kwa ajili ya wafu wake ilimfungulia mlango mwanamke wa Kikuyu aliyetoka Nyeri. Nikichora jengo la moto huwa namfikiria yeye: tunajua nani ataanza kulitumia, hatujui nani atakuja kulihitaji.

Kiufundi, jambo linalosahaulika ni mkono wa mtoto. Katika mila za Kihindu mwana mkubwa ndiye huwasha moto, au mtu wa familia anayeshika nafasi yake. Tanuru la gesi lililofichwa nyuma ya mlango wenye maandishi "Wafanyakazi tu" linampokonya wajibu huo. Panahitajika chumba cha mbele chenye nafasi ya watu kumi au kumi na tano, wanaosimama karibu na mlango wa tanuru, na kitufe ambacho mwana atakibonyeza kwa mkono wake. Panahitajika pia chumba tulivu cha kukabidhiwa majivu, chenye meza na maji ya kunawa, maana majivu ya mama hayakabidhiwi dirishani pamoja na risiti.

Uingereza jambo hili lilifika mahakamani. Mzee mmoja wa Kihindu aliomba haki ya kuchomwa kwa kuni chini ya mbingu, na halmashauri ya Newcastle ikamkatalia kwa kuwa sheria yao inataka maiti achomwe ndani ya jengo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ilisema sheria haikudai jengo lifungwe pande zote, na kwamba kuta zenye paa lililo wazi zinaweza kutosha. Majaji walikaa wakajadili swali la msanifu: jengo ni nini? Jibu lao linanifaa mpaka leo. Ukuta unaositiri na paa linaloacha moshi na jua vipite ni jengo kamili.

7. Asiye na dini anahitaji zaidi, wala si pungufu

Hili lilinichukua muda mrefu kuliko yote, na ndilo ninalolijali zaidi, kwa sababu wasio na dini kwetu ni wachache na hufa wakiwa wamezungukwa na waumini wanaowapenda.

Mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati aliacha barua: asiombewe, asihubiriwe, aagwe na wanafunzi wake. Nilikuwapo ukumbini siku hiyo kwa kuwa nilikuwa nakagua vipaza sauti. Kaka yake, mzee wa kanisa, alimkabili mjane kwa sauti ya chini iliyojaa uchungu: "Shemeji, tutamtoaje mtu bila hata Baba Yetu?" Mjane akamjibu, "Shemeji, aliandika kwa mkono wake." Wakaingia kwenye chumba cha pembeni, wakakaa humo hadi jasho likawatoka, wakatoka wameelewana. Ndani ya ukumbi wanafunzi wake wa miaka tofauti walizungumza. Mmoja aliandika kwenye ubao mweusi uthibitisho aliofundishwa na mwalimu huyo akiwa kidato cha tatu, mstari kwa mstari, na watu waliosahau hisabati zamani walimfuata kwa macho hadi mwisho. Kisha kila mmoja akapita na kuweka kipande cha chaki juu ya jeneza. Wakati huohuo, barazani, kaka mtu alisali na wote waliotaka kusali. Hakuna aliyemsikia mwenzake.

Siku hiyo ilionyesha karibu kila kitu ambacho jengo linapaswa kutoa. Kwanza, chumba kidogo cha kikao, chenye mlango mzito, kwa ajili ya kutoelewana. Kila msiba wa familia iliyochanganyika una kikao cha namna hiyo, na kisipopewa chumba kitafanyika juu ya maiti. Kenya ilishuhudia jambo hilo likifika kilele chake: wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wake wakashindana mahakamani kuhusu wapi azikwe, na mwili wake ukakaa mochwari Nairobi hadi alipozikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Chumba hakiwezi kuamua kesi kama ile. Lakini nimeona ugomvi mdogo ukiishia chumbani ambao pasipo chumba ungefika barazani.

Pili, muda. Misa ina mpangilio unaojulikana na kila mtu, dua vilevile. Shughuli isiyo ya kidini hutungwa upya kila mara na watu waliolala saa mbili, kwa hiyo ratiba ya ukumbi isiwe ya nusu saa nusu saa.

Tatu, kitu cha kufanya kwa mikono. Aliyezoea ibada anajua kupiga ishara ya msalaba, kuinua mikono kwa dua, kumwaga udongo. Asiye na ibada husimama mikono ikining'inia. Meza imara karibu na jeneza, ubao, mahali pa mishumaa, beseni la udongo au maua: vitu vya kawaida kabisa, lakini viwepo tayari.

Nne, mwisho. Ibada hujifunga yenyewe kwa baraka au amina. Shughuli isiyo na ibada hufika mahali watu wakatazamana, hakuna anayejua kama waondoke. Hapo jengo linaweza kusaidia. Ukuta wa mashariki wa ukumbi ule ni milango mikubwa ya mbao inayokunjwa, na yanapokwisha maneno wahudumu huifungua, mwanga wa bustani ukaingia na jeneza likatangulia. Watu wanafuata bila kuambiwa.

8. Msiba wetu uko nje zaidi kuliko ndani

Ukimchorea Mtanzania ukumbi wa watu mia mbili, mia tano watakaa nje. Akina mama watatandika mikeka na khanga kwenye kivuli, wanaume watakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, kamati itafungua daftari la rambirambi juu ya meza ndogo, na Coaster tatu zitakuwa zimewasha injini tayari kwa safari ya mkoani. Kwa hiyo baraza liwe pana kuliko ukumbi, lenye kingo za kukalia, maji ya kunywa, vyoo vya kutosha upande wa wanawake, na mti mkubwa usiokatwa na mkandarasi. Mti huo uandikwe kwenye mkataba.

Asplund aliliona hili hata kule Stockholm kwenye baridi. Kanisa kubwa la jengo lake la kuchomea maiti, lililokamilika mwaka 1940, lina ukuta wa kioo na chuma unaozama sakafuni, ukumbi ukaungana na uwanja wa nguzo ulio wazi nje. Sisi wenye joto mwaka mzima hatuna sababu ya kujenga masanduku yaliyofungwa na kuyatia viyoyozi vinavyokufa umeme ukikatika.

Sehemu moja ya baraza iwe na paa lake peke yake, lisilogusana na paa la ukumbi. Nililijifunza hili kwa Wayahudi: mtu wa ukoo wa makuhani hapaswi kuwa chini ya paa moja na maiti, hivyo huaga akiwa nje. Kibanda hicho hutumiwa zaidi na watu ambao hawajui habari za ukoo huo. Hukaa hapo wajawazito ambao wazee wao hawapendi wakaribie maiti, mama mwenye mtoto mchanga, na yule kijana ambaye hataki kuuona mwili wa baba yake lakini hataki pia kuwa mbali naye.

9. Sikiliza chumba kabla ya kukipaka rangi

Terazo chini, vigae ukutani na dari la zege huifanya kwaya ipendeze na maneno yapotee. Wasifu wa marehemu husomwa na mjukuu mwenye sauti ndogo inayotetemeka, na usiposikika umemnyima nafasi ambayo hairudi. Panahitajika dari la mbao lenye nafasi katikati ya mbao, mikeka minene ukutani nyuma ya viti, vipaza sauti vichache vilivyowekwa karibu na watu. Na jenereta iwe mbali.

10. Mchoree pia anayebaki

Familia huja mara moja na kuondoka. Wahudumu wa mochwari hubaki. Wao huwapokea watu usiku, huwatambulisha kwa ndugu, hushona, hunyoosha, hufunga taya, na jirani zao wengine hawapendi hata kupeana nao mkono. Nimewahi kumkuta mmoja anakula chakula chake cha mchana kwenye ngazi ya nyuma, karibu na injini ya jokofu, kwa kuwa jengo zima halikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Wanahitaji bafu lenye maji ya moto, mahali pa kubadilishia nguo ambapo nguo za kazi hazikutani na za nyumbani, chumba cha kulia chenye dirisha linalotazama kitu kilicho hai, na nafasi safi ya kuswali au kukaa kimya. Bajeti inapokatwa, chumba hicho ndicho hufutwa kwanza, na hakuna mfiwa atakayelalamika kwa sababu hajui kama kilikuwapo. Kwa hiyo siku hizi nakichora pamoja na chumba cha kuoshea, ukuta mmoja, bomba moja la maji ya moto, shimo moja la maji taka. Anayetaka kukiondoa inambidi aanze upya ramani nzima ya mabomba, na mpaka sasa hakuna mkandarasi aliyekubali kuifanya kazi hiyo.